Hiari Yashinda Utumwa? John Ogbu na Utambulisho wa Wahamiaji Katika Elimu

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa hiari yashinda utumwa. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kueleza kwamba jambo linalofanywa kwa ridhaa hufanikiwa kuliko linalofanywa kwa kushurutishwa. Katika historia ya taaluma ya elimu yupo msomi wa Kiafrika ambaye kazi yake ya zaidi ya miaka 30 yaweza kutazamwa kama juhudi ya kuipima kauli hiyo shuleni. Msomi huyo ni John Uzo Ogbu (1939–2003), Mwigbo wa Nigeria aliyekuwa profesa wa anthropolojia katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: kwa nini baadhi ya jamii za wachache hufaulu shuleni na nyingine hubaki nyuma, ilhali zote hubaguliwa?

Mhadhara huu unafuatilia historia ya kazi hiyo, kisha unaipima kwa kuangalia kundi ambalo halimo katika vitabu vyake vikuu, yaani watoto wa wakimbizi wazungumzao Kiswahili nchini Marekani. Hoja kuu ni kwamba Ogbu alikuwa sahihi kusisitiza kuwa njia iliyomleta mtu huacha alama katika namna anavyoitazama shule. Hata hivyo, njia pekee haitoshi kueleza utambulisho, kwa sababu nchi ya ugeni nayo humpa mgeni jina, na shule ni mojawapo ya mahali ambapo jina hilo hupokewa, hukataliwa au hugeuzwa.

Jambo hili si geni katika taaluma ya Kiswahili. Katika sensa za Zanzibar za 1924 na 1931, idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili ilishuka mno, huku wengi wakijitambulisha kwa majina mengine, likiwamo la Washirazi. Watu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni uzito wa jina, kwa kuwa jina la Mswahili lilikuwa limehusishwa na asili ya utumwa. Kwa hiyo msomaji wa historia ya mwambao anaijua tayari nusu ya swali la Ogbu.

Kutoka Onicha hadi Stockton

Ogbu alizaliwa katika kijiji cha Umudomi, Onicha, kwenye eneo ambalo leo limo katika Jimbo la Ebonyi. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisoma katika shule za misheni, akafundisha katika shule ya sekondari ya Kimethodisti, na mwaka wa 1961 akaenda Marekani kusomea uchungaji katika seminari ya Princeton. Huko alitambua kuwa ilimpasa kwanza kuielewa jamii aliyokusudia kuitumikia, akahamia Berkeley kusoma anthropolojia. Alipata shahada ya uzamivu mwaka wa 1971, akaendelea kufundisha chuoni hapo hadi alipofariki.

Utafiti wake wa kwanza wa uwandani aliufanya mjini Stockton, California, kati ya 1968 na 1970, katika mtaa wa watu maskini, wengi wao wakiwa Wamarekani Weusi na watu wenye asili ya Meksiko. Hali yenyewe ilikuwa ya kipekee: Mwafrika aliyefika Marekani kwa hiari yake aliwachunguza wazawa wa Waafrika waliofikishwa huko kwa minyororo. Katika kitabu chake cha 1974, The Next Generation, alieleza jinsi watu weupe wa tabaka la kati walivyojihesabu kuwa ndio walipa kodi wa mji, na kuwatazama wakazi wa mtaa huo kama watu wa kusaidiwa. Shuleni, walimu waliwapa wanafunzi wengi alama ileile ya wastani mwaka hata mwaka, hata pale mwanafunzi alipopiga hatua. Mtoto aliyegundua kuwa bidii haibadilishi alama hakuwa na sababu ya kuiongeza. Kwa Ogbu, kushindwa huko hakukuwa upungufu wa akili wala wa malezi, bali namna ya kujirekebisha ili kuendana na ulimwengu uliokwisha kumwekea mtu mipaka.

Hiari na shuruti

Umuhimu wa hoja hiyo hauonekani vizuri bila kukumbuka mjadala wa wakati ule. Mwaka wa 1969 Arthur Jensen alichapisha makala yaliyodai kuwa tofauti ya alama za majaribio ya akili kati ya weusi na weupe ilitokana kwa sehemu kubwa na urithi wa kibayolojia. Wapinzani wake wengi nao walishikilia kuwa watoto weusi walipungukiwa na utamaduni unaofaa. Pande zote mbili zilimtafuta mwenye kasoro ndani ya mtoto au ndani ya nyumba yake.

Ogbu alijibu kwa ulinganishi. Katika Minority Education and Caste (1978) aliwaweka Wamarekani Weusi kando ya Wamaori wa New Zealand, wahamiaji wa Karibi nchini Uingereza, watu wa tabaka la chini kabisa nchini India, Wayahudi wa asili ya Mashariki nchini Israeli na Waburakumini wa Japani. Mfano wa mwisho ulikuwa na nguvu ya pekee. Waburakumini hawatofautiani na Wajapani wengine kwa rangi, lakini kwa karne nyingi walidharauliwa kwa sababu ya kazi za mababu zao. Nchini Japani watoto wao walibaki nyuma shuleni, ilhali waliohamia Marekani walifanya kama Wajapani wengine. Iwapo damu ni ileile na matokeo ni tofauti, basi chanzo hakimo katika damu.

Kutokana na ulinganishi huo, Ogbu alijenga mgawanyo wake maarufu. Wachache wa hiari ni wale waliohamia wakitafuta maisha bora. Hawa huyapima mateso yao kwa kuyalinganisha na hali ya kule walikotoka, na huichukulia lugha ya wenyeji kama chombo cha kujipatia riziki ambacho hakimwondolei mtu uasili wake. Wachache wa shuruti ni wale waliotiwa katika taifa kwa utumwa, kutekwa au kutawaliwa. Hawa hawana kwao kwingine pa kujilinganisha napo. Hujilinganisha na watu weupe waliowazunguka, na huona kuwa hata mwenye cheti huzuiwa asipande ngazi ya ajira. Margaret Gibson aliitia nguvu hoja ya kundi la kwanza kwa utafiti wake juu ya Masingasinga wa Kipunjabi huko California (1988): wazazi waliwahimiza watoto wafuate kanuni za shule bila kuacha mila za nyumbani.

Mwacha asili

Sehemu ya kazi ya Ogbu iliyosikika zaidi ndiyo iliyoeleweka vibaya zaidi. Mwaka wa 1986, yeye na Signithia Fordham walichapisha makala yaliyotokana na utafiti wa Fordham katika shule moja ya sekondari jijini Washington. Walieleza kuwa baadhi ya wanafunzi weusi waliokuwa na uwezo waliuficha, kwa kuogopa kuambiwa na wenzao kuwa wanajifanya Wazungu. Mswahili angeitambua hofu hiyo mara moja, kwani naye ana methali isemayo kuwa mwacha asili ni mtumwa.

Ogbu aliiweka hofu hiyo katika historia ndefu ya ubaguzi. Wengi waliomnukuu waliiacha historia, wakabaki na lawama. Utafiti uliofuata ulionyesha kuwa tatizo si la jumla kama lilivyodhaniwa. Karolyn Tyson na wenzake (2005), waliochunguza shule za North Carolina, walionyesha kuwa kejeli hiyo ilitegemea mpangilio wa shule, hasa pale madarasa ya juu yalipojaa wanafunzi weupe peke yao. Hata hivyo, usemi huo ulikuwa umekwisha kuingia katika siasa. Mwaka wa 2004 Barack Obama aliukemea katika hotuba yake kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Boston. Obama mwenyewe ni mtoto wa Mkenya aliyekwenda Hawaii kusoma mwaka wa 1959.

Kwa wanaisimu, makala ya Ogbu ya 1999 ndiyo yenye mafunzo zaidi. Yalifuata mjadala wa Oakland wa Desemba 1996, ambapo bodi ya shule ilikitambua rasmi Kiingereza cha Wamarekani Weusi. Ogbu, aliyekuwa katika jopo lililoishauri bodi hiyo, alieleza mtanziko wa jamilugha aliyoichunguza: wazazi walitaka watoto wao wakijue Kiingereza sanifu, lakini walikiona kuwa ni mali ya weupe, na aliyekitumia nyumbani alionekana kujitenga. Kujua sarufi, kwa hiyo, hakukutosha. Mzungumzaji alipaswa pia kukubali kuonekana kuwa mtu wa aina fulani.

Kitabu chake cha 2003, juu ya wanafunzi weusi wa kitongoji chenye neema cha Shaker Heights, Ohio, kilizusha ubishi mkali. Wazazi weusi ndio waliomwalika. Baadhi ya wasomaji waliona kuwa amewalaumu walioonewa. Alifariki tarehe 20 Agosti mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 64.

Mgeni anapopewa jina

Udhaifu wa mgawanyo wa Ogbu ulidhihirika katika kizazi cha pili. Mary Waters (1999) alichunguza watoto wa wahamiaji wa Karibi jijini New York, akakuta njia tatu: wapo waliojitambulisha kama Wamarekani Weusi, wapo walioshikilia asili ya wazazi, na wapo waliojiona bado ni wahamiaji. Wazazi wote walikuja kwa hiari. Watoto hawakurithi jibu moja. Mwaka huohuo Awad Ibrahim, msomi mzaliwa wa Sudan, alieleza hali ya vijana wa Kiafrika, wakiwamo waliotoka Djibuti, Somalia na Kongo, katika shule ya Kifaransa mkoani Ontario, Kanada. Vijana hao hawakujiona weusi kabla ya kufika. Waliujua weusi kama jina la kijamii huko ugenini, na wakajifunza Kiingereza cha weusi kupitia muziki wa rap.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Katika mwaka wa fedha wa 2016 Marekani iliwapokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wengi katika jamii hii huzungumza Kiswahili. Wamo waliozaliwa au kukulia katika makambi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma. Ogbu na Herbert Simons (1998) walikiri kuwa wakimbizi si wachache wa hiari kamili, kwa kuwa hawakuchagua kuhama, ingawa mitazamo yao yaweza kufanana na ya wahamiaji. Lakini kwa mujibu wa mwongozo wa serikali ya Marekani wa 1997, mtoto huyo aliandikwa katika kundi moja na wazawa wa watumwa wa Atlantiki. Mwongozo wa 2024 ulitaka maelezo zaidi ya asili. Kundi kuu limebaki.

Mfano mgumu zaidi ni wa jamii iitwayo Wabantu wa Somalia. Mababu zao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka maeneo ambayo leo ni ya Tanzania, Msumbiji na Malawi, na baadhi yao wamehifadhi Kizigua hadi leo. Vita vya 1991 viliwakimbiza hadi makambi ya Kenya. Baadhi walipewa makazi Chogo, wilayani Handeni, karibu na asili ya mababu. Wengine wapatao 12,000 walianza kupelekwa Marekani mwaka wa 2003. Hata jina lao lina historia: istilahi iliyoasisiwa na Wilhelm Bleek kuainisha lugha iligeuzwa na mashirika ya misaada kuwa kitambulisho cha watu. Wao ni wa hiari au wa shuruti? Wanao utumwa katika kumbukumbu, lakini ni wa Bahari ya Hindi. Mwalimu asiyeijua historia hiyo atawasoma kwa rangi peke yake.

Hitimisho

Mchango wa Ogbu ni kuiondoa kasoro ndani ya mtoto na kuirudisha katika historia. Mchango huo haujapitwa na wakati. Kilichopitwa ni imani kuwa historia hiyo yaweza kugawanywa katika mafungu mawili yasiyoingiliana. Mtoto mmoja aweza kuwa na shuruti ya mababu, shuruti ya vita na hiari ya wazazi waliokubali kupanda ndege, na yote hayo akayabeba hadi darasani.

Kwa taaluma ya Kiswahili, kazi iliyobaki ni ya uwandani. Watoto hawa hujiitaje kwa Kiswahili, na huwaitaje Wamarekani Weusi wanaokaa nao dawati moja? Maneno rangi, asili, kabila na taifa hubeba maana gani vinywani mwao baada ya miaka mitano ya shule? Maswali hayo hayawezi kujibiwa kwa hojaji ya Kiingereza, na walio na lugha ya kuyauliza ni wanafunzi wa Kiswahili wenyewe.