Bodi ya Land Rover: Kutoka Solihull hadi Thika

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilitengeneza sehemu za injini za ndege za kivita. Vita vilipokwisha mwaka 1945, kampuni ya Rover ilihamishia humo kazi ya magari. Chuma kiligawiwa kwa kibali. Hivyo Land Rover, iliyozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, ilivishwa bodi ya aloi ya alumini, nyepesi na isiyoliwa na kutu, juu ya fremu ya chuma.

Mwaka 1974 kilianzishwa kiwanda cha Leyland Kenya mjini Thika, na mafundi wake wakaunganisha Land Rover kwa vipuri kutoka Uingereza.

Land Rover Defender ya mwisho ya muundo wa zamani ilitoka Solihull Januari 2016. Lakini Arusha, Oktoba 2024, zaidi ya Land Rover 1,000 zilipita mjini kwa msafara mmoja.