Hugh na Margaret Trowell wa Makerere

Mwaka 1922, kwenye kilima cha Makerere mjini Kampala, ilifunguliwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Walifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Baadaye yakaongezwa masomo ya utabibu, ualimu na kilimo, na wodi za hospitali ya Mulago zikawa darasa la madaktari. Chuo kilikuwa kidogo, lakini kwa miaka mingi kijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika au Unguja aliyetaka elimu ya juu bila kuvuka bahari alikuwa hana pengine pa kubisha hodi.

Mwaka 1935 wakafika Kampala mume na mke Waingereza, Hugh na Margaret Trowell, wote wawili wazaliwa wa 1904. Wakakaa hadi 1958. Walitokea huku kwetu Kenya. Hugh aliingia nchini 1929 akiwa daktari wa serikali, na Margaret, msanii aliyesomea shule ya sanaa ya Slade mjini London, akapata nafasi ya kuwatazama Wakamba wakichonga na kusuka.

Kazi ya Margaret ilianzia barazani, kwa maana halisi. Alifundisha kuchora kwenye baraza ya nyumba yao Mulago, na 1937 darasa lake likapokewa chuoni. Hakuwatundikia wanafunzi picha za Ulaya wazinakili. Aliwasimulia habari, kisha kila mmoja akachora alichokiona moyoni mwake. Mwaka 1939 kazi zao zilionyeshwa London. Katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia akaongezewa kazi ya kutunza Makumbusho ya Uganda, na 1953 akatoa kitabu kikubwa cha sanaa na ufundi wa Uganda pamoja na Klaus Wachsmann.

Tazama waliopita mikononi mwake. Gregory Maloba wa Kenya ndiye aliyeunda Mnara wa Uhuru unaosimama Kampala tangu 1962. Sam Ntiro wa Kilimanjaro alifundisha naye Makerere, kisha akaiwakilisha Tanganyika huko London nchi ilipopata uhuru. Elimo Njau, naye wa Kilimanjaro, alianzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965.

Hugh alikuwa wodini. Alikuwa akiletewa watoto waliotoka kuachishwa ziwa: miguu imevimba, nywele zimepauka na kuwa nyekundu, ngozi inabambuka, na mtoto hachezi wala hataki chakula. Daktari mmoja alisema minyoo, mwingine kaswende. Hugh mwenyewe aliamini ni pelagra, ugonjwa wa upungufu wa vitamini, akawapa dawa ya pelagra, na watoto wakazidi kufa. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 daktari Cicely Williams alikuwa ameieleza kwashakoo, yaani unyafuzi, kutoka Gold Coast, Ghana ya leo. Hugh akaiacha rai yake, akarudi kwenye vitanda na sahani za chakula, na 1954, pamoja na Davies na Dean, akatoa kitabu juu ya ugonjwa huo. Walielekeza kidole kwa mlo wa wanga mtupu usio na maziwa, nyama wala maharagwe. Wataalamu wangali wanabishana kama upungufu wa protini peke yake unatosha kuueleza.

Sisi wa Madogo, kandokando ya Mto Tana nchini Kenya, hatuhitaji kuhadithiwa sana ugonjwa huo. Mvua zikikatika na mifugo ikiisha, mhudumu wa afya humzungushia mtoto utepe mkononi aone kama umeangukia kwenye nyekundu, kisha hubonyeza miguu kwa kidole gumba. Shimo likibaki, mtoto huanzishiwa matibabu.

Margaret ana wanaomlaumu, na lawama zao zina uzito. Kuwaficha vijana sanaa ya Ulaya ili wabaki Waafrika safi ni kuwaamulia Uafrika wao, na mwamuzi alikuwa mgeni. Cecil Todd, aliyempokea kijiti, aliwafungulia wanafunzi mlango wa sanaa ya Ulaya. Lakini kipimo cha mwalimu ni wanafunzi wake, na wa Margaret hawakukaa pale alipowaacha. Kwa maoni yangu alifaulu kuliko alivyokusudia.

Waliporudi Uingereza, Hugh akawa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Hata hivyo utabibu haukumtoka. Mwaka 1975, yeye na Denis Burkitt, aliyekuwa pia daktari Mulago, walihariri kitabu kinachodai kwamba unga uliokobolewa na sukari ndio chanzo cha maradhi mengi ya watu wa mijini. Anayekula chapati nyeupe na chai ya sukari vijiko vinne asome kwa makini. Margaret alifariki 1985, Hugh 1989. Shule ya sanaa ya Makerere ilipewa jina la Margaret.

Msomaji wa Madogo anaweza kuona tunda la baraza ile bila kwenda Kampala. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Njau alichora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa kuu la Anglikana mjini Murang'a, katika mandhari ya milima ya huko. Maji ya Mathioya, mto wa Murang'a, huingia Tana na kupita hapa kwetu. Ukipanda basi la Nairobi, shuka Thika, uulize gari la Murang'a.