Mshipa au neva?

Neno mshipa limebebeshwa mzigo mzito. Kuna mshipa wa damu, wapo wanaoita ngiri mshipa, na mshipa wa fahamu, yaani neva, ndio unaopeleka habari kwenye ubongo. Kwa damu neno linafaa, maana damu hupita ndani ya mrija. Kwenye ubongo linatupoteza. Mwaka 1888 Santiago Ramón y Cajal wa Hispania alionyesha kwamba seli za neva hazijaungana. Kati yake pana upenyo mwembamba mno. Mahali hapo huitwa sinapsi.

Habari huvukaje? Mwaka 1921, huko Graz, Austria, Otto Loewi alitoa mioyo miwili ya vyura, yote ikidunda. Akasisimua neva ya moyo wa kwanza kwa umeme; mapigo yakapungua. Akachukua maji ya chumvi yaliyokuwa ndani yake, akayatia kwenye moyo wa pili. Nao ukapunguza mapigo! Kumbe neva ilikuwa imemwaga kemikali, na kemikali ndiyo iliyobeba ujumbe. Leo watafiti hugusisha ncha ya kioo, nyembamba kuliko unywele, kwenye seli moja na kupima umeme wake ujumbe unapofika.

Mrija haufanyi hivyo. Tuseme neva, mshipa tuuachie damu.