Kilatini baada ya altare

Kilatini kimefundishwa Tanzania kwa zaidi ya miaka mia moja, ila karibu muda wote huo kama chombo cha kazi ya padri au mwanasheria. Naamini anayekihitaji zaidi leo ni mwanahistoria, tena kwa kiwango cha chuo kikuu. Kwamba kinawezekana hapa, seminari zilikwisha kuonyesha. Laurean Rugambwa alipita seminari za Rubya, Bukoba, na Katigondo, Uganda, akapata upadri mwaka 1943 na mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofunguliwa mwaka 1962, mijadala yake iliendeshwa kwa Kilatini, naye alikuwamo. Desemba 1963 Mtaguso huohuo uliruhusu lugha za wenyeji katika ibada, na Kiswahili kikapanda altareni, mahali pake halali kabisa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilianza mwaka 1961 kwa kitivo cha sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Wanafunzi wake walikutana na *mens rea* na *nolle prosequi*, maneno ya kisheria ya Kilatini ambayo mtu huyakariri bila kujua sarufi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama kisheria, na mkazi wa Mtoni, Dar es Salaam, anayefuatilia mirathi katika mahakama ya Temeke ana kila sababu ya kushukuru.

Basi kuna haja gani tena ya Kilatini? Wapo wanaosema ni lugha ya wakoloni, iende nao. Lakini Terentius, aliyetungia Roma tamthilia zake, alitoka Karthago. Apuleius na Augustino walizaliwa katika nchi tunayoiita leo Algeria. Waafrika hao hawakuazima fasihi ya Kilatini, waliijenga. Hoja nzito zaidi ni ya fedha: nchi yenye uhaba wa walimu wa hisabati itamlipaje mwalimu wa Vergilius? Naikubali kwa sehemu. Sidai idara nzima. Nadai wasomi wachache watakaosoma kwa kina, kwa sababu sehemu ya kumbukumbu zetu imeandikwa kwa lugha hiyo. Katika misheni za Kikatoliki, ambazo Bagamoyo zilianza mwaka 1868, ilikuwa kawaida kuandika vitabu vya ubatizo kwa Kilatini: jina la mtoto, wazazi, msimamizi, sahihi ya padri, na pembeni, kwa mwandiko mwingine wa miaka ya baadaye, ndoa yake. Kwa watu ambao serikali ya kikoloni haikuwahesabu mmoja mmoja, mstari huo unaweza kuwa ndio pekee uliobaki. Ufupisho wake humpoteza aliyekariri maneno tu, na mwandiko wa karne ya 19 haumngojei mtu ajifunze sarufi akiwa tayari ameketi mbele ya kitabu. Mapadri wazee waliozisoma kurasa hizo kwa wepesi wanazidi kupungua, na wao ndio wangefaa kuwa walimu wa kwanza.