Kupanda Rungwe na Ngozi msimu wa baridi: mambo ya kujua kabla hujaondoka

Ikifika Juni hadi Agosti kuna vijana kibao wanaokuja huku kwetu kupanda milima, wengine wanashuka tu kwenye basi na kisweta chepesi na simu ya kupigia picha. Wameambiwa mvua za Machi hadi Mei zimeisha kwa hiyo mambo poa. Nusu ya habari hiyo ni kweli. Sisi wa Nkunga tunajua kwamba kipupwe cha Rungwe kina ukungu na manyunyu ya siku nzima, na manyunyu yakikutana na upepo ndo shughuli inapoanza.

Tuanze na Mlima Rungwe wenyewe. Ni volkano iliyolala, kilele kiko kama mita 2,960 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Tukuyu uko mita 1,500 na zaidi kidogo. Hewa hupoa kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo ukitoka Tukuyu na nyuzi 15, juu utakuta 6 au 7, bado hujahesabu upepo. Msitu wake ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2009, chini ya TFS. Maana yake huingii kienyeji: unapata kibali na unachukua mtu wa kukuongoza. Humo ndo anakaa kipunji, nyani ambaye wanasayansi walimwona mara ya kwanza mwaka 2003 wakati wazee walishakuwa na jina lake siku nyingi.

Sasa njia. Msituni kuna barabara za zamani na vijia vya wapasua mbao, na hapo ndipo wengi wanapotea. Kijia cha mbao kinaenda mpaka lilipoangushwa gogo, basi. Hakiendi kileleni. Unakifuata nusu saa, kinakuachia kwenye mianzi, ukigeuka huoni ulikotokea. Kwenye shamba la miti la Kiwira ni vilevile, misonobari imepangwa mistari, kila njia panda inafanana na mwenzake na ukungu ukishuka ndo kabisa. Kila njia panda geuka nyuma, piga picha ya njia uliyotoka nayo, maana kurudi utaiona kwa upande huo. Ukipotea usifuate mto kuteremka. Mito ya huku inaishia kwenye makorongo na maporomoko.

Ngozi ni safari nyingine. Watu huanzia Mchangani, barabara ya Mbeya–Tukuyu, halafu wanapanda mpaka ukingo wa kreta. Ziwa liko chini kabisa, halina mto unaoonekana ukitoka. Kuteremka hadi majini kuna mteremko mkali wa udongo na mizizi, ukilowa unakuwa kama sabuni. Maoni yangu: siku ya manyunyu ishia ukingoni. Na kama ukungu umefunika ziwa, kaa usubiri, wakati mwingine unafunguka dakika tano tu.

Kitu ambacho hakizungumzwi sana ni hewa mbaya. Ardhi ya Rungwe inatoa kabonidayoksaidi, hata kuna kampuni inayoivuna upande wa Kyejo na kuiuza. Gesi hii haina rangi, ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatulia kwenye vishimo na mabonde madogo, hasa asubuhi ya baridi isiyo na upepo. Goma wanaita sehemu kama hizo mazuku. Ukiona ndege, panya au wadudu wamekufa mahali pamoja kwenye shimo, usishuke, na mwenzako akianguka humo usimfuate kwa pupa, utalala naye. Ita watu.

Mavazi: acha jinzi. Pamba ikilowa inakaa na maji na kunyonya joto lako. Mitumbani utapata koti la nailoni na sweta la sufu kwa bei ya kawaida tu. Ongeza mzula, soksi za akiba, na gambuti au viatu vyenye meno. Simu iweke karibu na mwili, baridi inakula chaji.

Mtu akianza kutetemeka sana, anajikwaa, anaongea kama mlevi, mwili unapoteza joto. Akiacha kutetemeka huku bado amelowa, hajapona, hali imekuwa mbaya zaidi. Mtoeni upepo, mvueni nguo mbichi, mfunikeni na nguo kavu, na kama anaweza kumeza mpeni chai ya moto yenye sukari. Pombe hapana! Inadanganya ngozi tu. Mpelekeni hospitali.

Muda nao: Juni na Julai jua linachomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama saa 12 na nusu jioni, ila chini ya miti giza linatangulia. Saa 7 mchana ikikukuta hujafika juu, geuza. Na kabla ya kuondoka mwachie mtu sms: njia ipi, mko wangapi, mnarudi saa ngapi.

Wasiotaka mlima kuna Daraja la Mungu na Kijungu, Mto Kiwira. Ni karibu na rahisi, ila mawe ya Kijungu yanateleza na pako kwenye eneo la chuo cha Magereza, uliza getini kwanza. Mdau mwenye kujua hali ya njia ya Isongole mwaka huu atuwekee hapo chini.