Nyoka wa kwenye filamu: utamtambuaje, na kwa nini jina lake lina uzito?

Filamu inayotazamwa Oraba, pale barabara itokayo Arua na Koboko inapovuka mpaka kuelekea Kaya, Sudan Kusini, hupita katika lugha nyingi. Waigizaji huzungumza Kiingereza, mfasiri wa kibanda cha video huyageuza maneno yao kuwa Kiluganda, na watazamaji huelezana kwa Kikakwa, Kilugbara, Kiarabu cha Juba au Kiswahili. Katika safari hiyo nyoka aliyeonekana hupoteza jina lake kwa urahisi. Makala haya yanaeleza namna ya kumtambua.

Koboko si mamba

Mfano mzuri ni filamu ya Kill Bill: Volume 2 ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Quentin Tarantino. Nyoka aliyefichwa ndani ya sanduku la fedha anamuuma Budd, mhusika aliyeigizwa na Michael Madsen, naye anakufa muda mfupi baadaye. Kiingereza humwita nyoka huyo "black mamba". Mwenye kufasiri neno kwa neno atasema "mamba mweusi", na msikilizaji wa Kiswahili atamfikiria mamba wa mtoni, mwenye miguu minne.

Jina lake la Kiswahili ni koboko. Linafanana na jina la mji na wilaya ya Koboko, lakini mfanano huo peke yake si ushahidi kwamba mji uliitwa kwa jina la nyoka.

Wala koboko si mweusi. Ngozi yake huwa ya kijivu, hudhurungi au rangi ya zeituni. Weusi umo ndani ya kinywa, nao huonekana anapokipanua kutisha adui. Ni mwembamba, mwenye kichwa kirefu, na aliyekomaa kwa kawaida hufikia mita 2 hadi 3.

Ilipigwa wapi?

Swali la kwanza la kujiuliza ni mahali kamera ilipokuwa, si mahali hadithi inapotokea. Katika Raiders of the Lost Ark ya mwaka 1981, iliyoongozwa na Steven Spielberg, shujaa anashuka katika shimo lililojaa nyoka nchini Misri. Tukio hilo lilipigwa katika studio za Elstree, Uingereza. Wengi wa viumbe waliotumika hawakuwa na sumu, na baadhi hawakuwa nyoka kabisa, bali mijusi wasio na miguu. Swila alikuwa wa kweli, lakini kioo kilimtenga na mwigizaji. Katika nakala za awali taswira yake huonekana ikiakisiwa kwenye kioo hicho.

Swali la pili ni kama mnyama huyo yupo. Nyoka mkubwa wa filamu ya Anaconda ya mwaka 1997 alitengenezwa kwa mitambo na kompyuta. Anakonda halisi huishi Amerika Kusini. Nyoka mkubwa kuliko wote barani Afrika ni chatu, ambaye hana sumu na huua kwa kubana.

Alama za kutazama

• Shingo inayotanuka na kuwa bapa, huku sehemu ya mbele ya mwili ikiinuka: huenda ni swila, ambaye wengine humwita fira.
• Mwili mnene na mfupi, kichwa kipana, na mistari mgongoni inayofanana na herufi V: kifutu, ambaye pia huitwa bafe au moma.
• Mwili mkubwa sana wenye mabaka ya hudhurungi: chatu.
• Macho yanayopepesa na matundu ya masikio: huyo ni mjusi. Nyoka hana kope zinazofumba wala tundu la sikio.

Rangi peke yake haitoshi, kwa kuwa taa za studio huibadilisha, na nyoka wa aina moja huweza kuwa na rangi tofauti.

Filamu inapodanganya

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa kila mwaka watu 81,000 hadi 138,000 hufa duniani kwa kuumwa na nyoka. Mwaka 2017 liliyaweka madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa.

Kwenye filamu aliyeumwa hufa papo hapo, au rafiki yake huchanja jeraha na kufyonza sumu. Yote mawili hupotosha. Sumu ya koboko hudhoofisha misuli, ikiwemo ya kupumulia, lakini kwa kawaida kifo huja baada ya saa kadhaa, na ndani ya saa hizo mgonjwa anaweza kuokolewa. Kuchanja, kufyonza, kufunga kamba kwa nguvu au kubandika jiwe jeusi huongeza madhara au kupoteza muda.

Mtulize aliyeumwa, mvue pete na bangili, na usiache kiungo kilichoumwa kitikisike. Akipelekwa kwa bodaboda, akae katikati, kati ya dereva na mtu wa kumshikilia. Sumu ya swila mtema mate ikiingia machoni, yaoshe mara moja kwa maji mengi, kisha nenda hospitali.

Usimfukuze nyoka ili umtambue. Daktari huongozwa na dalili: kope zinazolegea na shida ya kumeza huashiria sumu ya mishipa ya fahamu, kama ya koboko; uvimbe mkubwa wenye maumivu makali huashiria sumu kama ya kifutu. Baadhi ya dawa hukabili sumu za nyoka wa aina kadhaa kwa pamoja. Mweleze daktari ulichokiona: urefu, rangi, na kama shingo ilitanuka. Kama hukijui jina, maelezo hayo yatamfaa kuliko jina ulilolisikia kwenye filamu.