Ijara Isiyoandikwa na Mnunuzi Mwenye Hati: Haki ni ya Nani?

  

Huku Mashewa, kama katika vijiji vingi vya Korogwe na Handeni, mtu hukodi shamba kwa neno la mdomo mbele ya mashahidi. Mwenye shamba akiliuza kabla mahindi hayajavunwa, mnunuzi huja na karatasi yake, na mkulima huleta mashahidi wake. Ni nani mwenye haki? Swali hili mafaqihi walilijibu karne nyingi kabla ya kuwepo ofisi ya ardhi.

Kauli ya mafaqihi

Katika madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata watu wa pwani, Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika Minhaj kuwa kauli yenye nguvu ni kwamba kuuza kitu kilichokodishwa kunasihi, na ijara haivunjiki. Mnunuzi humiliki ardhi yenyewe, lakini manufaa yake hubaki kwa mpangaji mpaka muda uishe. Ikiwa mnunuzi hakujua kuwa imekodishwa, ana khiyari: ama avumilie, ama aivunje biashara arudishiwe fedha zake. Mahanafi wao wanasema mauzo hayo husimama yakisubiri idhini ya mpangaji au kwisha kwa muda wake.

Tazama uadilifu huu. Mnunuzi mwenye nia njema analindwa, lakini gharama inamwangukia muuzaji aliyemficha, si mpangaji.

Zama za daftari

Mwaka 1858 huko Australia Kusini, Robert Torrens aliasisi mfumo mwingine: haki ya ardhi ni ile iliyomo katika daftari la serikali. Fikra hiyo ilienezwa na Waingereza katika makoloni yao. Mwaka 1908, katika ukanda wa pwani ya Kenya uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, kila mwenye dai la ardhi alitakiwa alilete liandikwe. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wengi ambao ushahidi wao ulikuwa majirani na minazi yao, wakageuka maskwota katika ardhi ya wazee wao.

Hata hivyo, daftari peke yake halikutosha. Sheria ya Kenya ya mwaka 1963 kuhusu ardhi iliyosajiliwa, katika kifungu cha 30, ilimfunga mnunuzi kwa ijara isiyozidi miaka 2 hata kama haikuandikishwa. Ilimfunga pia kwa haki ya mtu aliyeikalia ardhi, isipokuwa kama aliulizwa akaificha. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2012. Hapa Tanzania, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inakubali ijara ya mwaka 1 au pungufu ifanywe hata kwa mdomo, bila kusajiliwa. Na mwaka 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya kiwanja cha Nyali, Mombasa, iliamua kuwa hati iliyoanza kwa ugawaji usio halali haimwokoi mnunuzi wa baadaye, japo anadai nia njema.

Mazingatio

Katika Hadithi ya Ummu Salama (R.A.), iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha kuwa yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na anayepewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa hoja amepewa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume haihalalishi haramu, mhuri wa msajili utaihalalishaje?

Basi anayekodisha na anayekodi waandikiane, kama tulivyoelekezwa katika Suratul Baqara, aya ya 282, kwani mashahidi hufa. Anayenunua asiridhike na hati tu. Aende shambani, amuulize anayelima: uko hapa kwa haki gani, na mpaka lini? Na maimamu wanaoitwa kushuhudia mauzo waulize hilo kabla fedha hazijahesabiwa.

Wallahu a'lam.